Daftari la Kichwa cha Okedi

Kila siku ya shule, kabla jua halijapanda, Akurut alikuwa ameshateka maji, amefagia uwanja na kuinjika uji. Mama yake, Alupo, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuondoka. Alijitwika karai la njugu za kukaanga akashika njia ya Malaba, mwendo wa karibu saa mbili, kwenda kuwauzia madereva wa malori waliosubiri kuvuka mpaka. Mwaka ule wa 1976 foleni ya malori haikuwa na mwisho, na dereva aliyekwama juani hatafuti mengi, hutafuna njugu ili mradi siku iishe. Baba yao, Ikapel, alikuwa kibarua wa reli upande wa Nakuru. Alikuja nyumbani mwisho wa mwezi, akaondoka kabla watoto hawajamzoea upya.

Waliobaki nyumbani kule Moding walikuwa wawili: mtoto Okedi, aliyekuwa na umri wa miezi minne, na Tata. Tata ndivyo Wateso wanavyomwita bibi, na bibi huyu alikuwa amelistahili jina hilo kwa wajukuu kumi na mmoja. Alipalilia wimbi huku Okedi yuko mgongoni, na alipopumzika alimfumia kofia ya sufu nyekundu. Ole wake mtu apite pale na asimsifu mtoto, maana Tata angempa makavu papo hapo.

Na kweli Okedi alikuwa wa kushukuriwa. Akiwa na miezi miwili alishikwa na homa ya uti wa mgongo, akakakamaa shingo, akalazwa wiki tatu katika hospitali kubwa ya mkoa. Watu walianza kumsemesha Alupo kwa sauti za chini, zile za matanga. Lakini mtoto akapona, akarudi nyumbani akinyonya vizuri kabisa. Daktari alitoa sharti moja tu: kichwa chake kipimwe kila wiki, kwa miezi sita, bila kukosa.

Sharti hilo walifafanuliwa na Sista Selpha, muuguzi wa zahanati ya Malaba, mwanamke mfupi asiyependa kurudia maneno. Aliwaambia kwamba mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga haijashikana. Ni nyumba inayojengwa mwenyeji akiwa tayari yumo ndani: ubongo unakua, unasukuma kuta, nazo kuta zinasogea taratibu kumpa nafasi. Ndiyo maana kichwa kikiongezeka kwa kiasi chake, tunajua ubongo nao unakua ipasavyo. Ila homa ya uti wa mgongo ina ujanja wake. Inaweza kuziba njia ya maji yaliyomo kichwani, maji yakajaa, kuta zikasukumwa upesi mno, na ubongo ukabanwa kando kama unga kwenye gunia lililojaa kupita kiasi.

Alupo alisikiliza kwa makini, lakini namba hakuzijua. Sista Selpha akamgeukia Akurut, aliyekuwa darasa la sita, akamwuliza kama sentimita anazifahamu. Akurut alizifahamu. Shuleni zilikuwa zimechukua mahali pa inchi si zamani sana, na wazee walizilalamikia, lakini yeye alizipenda. Basi Sista akampa futi ya kitambaa, ya aina ileile wanayotumia mafundi wa nguo, na daftari lenye mstari uliopinda kwenye ukurasa wa kwanza. Ule mstari ulionyesha jinsi kichwa cha mtoto mzima kinavyokua.

"Pitisha juu ya nyusi, uzungushe hadi kile kinundu cha kisogoni," Sista alimwelekeza. "Pima mara tatu, uandike kipimo kikubwa. Na unisikie vizuri, Akurut. Usiandike unachotaka wewe. Andika futi inachosema."

Jumapili ya kwanza Akurut alipima wakati Tata ameenda kanisani. Sentimita arubaini na moja na nusu. Akaandika kwa kalamu, akatia nukta kwenye ukurasa wa mstari, na ile nukta ikakaa juu ya mstari sawasawa. Jamani, alijiona daktari mzima! Siku hiyo hata kuosha vyombo aliosha akiimba.

Jumapili ya pili mvua ilinyesha, Tata hakwenda kanisani. Alitoka jikoni akamkuta Akurut amepiga magoti kwenye mkeka, futi imezunguka kichwa cha Okedi. Tata hakupiga kelele. Aliinama, akaifungua ile futi kwa vidole viwili, polepole, jinsi mtu anavyomtoa nyoka kwenye nguo.

Katika boma lile mtu alipimwa siku moja tu. Alipofariki, kijana mmoja wa ukoo alitumwa kukata tete lenye urefu wake, na wachimba kaburi wakalifuata tete lile kuchimba. Tata alikuwa ameona tete likikatwa kwa ajili ya watoto wake watatu. Moja lilikuwa fupi sana, halikufika hata kiuno chake. Kumpima mtu anayepumua, kwake, ni kumwandalia shimo. Alimwambia Akurut kwamba hataki kuiona tena futi ile juu ya mtoto, na kwamba kama anampenda ndugu yake atanyamaza. Akaikunja, akaingia nayo ghalani.

Jioni Alupo aliporudi alikuwa hoi, miguu imejaa vumbi. Aliuliza jambo moja tu: kichwa kimepimwa? Tata alikuwa pale pale, anachambua mboga. Akurut alimtazama Tata, akamtazama mama yake. Akisema ukweli, mama na Tata watagombana, na nyumba ile haikuwa na mtu wa kuwapatanisha. Akisema ukweli, Tata atamwona msaliti. Na tuseme lile lililokuwa ndani kabisa: hata yeye mwenyewe lile tete lilikuwa limeanza kumtia hofu.

"Kimepimwa, mama," akasema.

Uwongo wa kwanza humchoma anayeusema. Wa pili hauchomi sana. Usiku ule hakuandika kitu, lakini asubuhi, kabla ya kwenda shule, alifungua daftari akautazama ule mstari uliopinda. Ulionyesha kwamba mtoto wa umri wa Okedi huongeza kama robo sentimita kwa wiki. Akaongeza robo. Jumapili iliyofuata akaongeza robo nyingine, na iliyofuata vivyo hivyo. Nukta zake zilipanda juu ya mstari kwa utaratibu, moja nyuma ya nyingine, mpaka hata yeye akaanza kuziamini.

Mwezi ulipoisha Sista Selpha alikuwa anazungukazunguka vijijini akichanja watoto, hana hata siku moja ya kukaa zahanati. Akamtumia Alupo ujumbe kwamba asihangaike kumleta mtoto na mvua ile, alete daftari tu. Alupo akalipeleka, limefungwa katika karatasi ya nailoni ndani ya karai la njugu. Jioni alirudi anatabasamu mpaka jino la mwisho. Sista amesema kichwa kinakua vizuri kuliko alivyotarajia. Amesema binti yako ana mkono safi. Mtoto asiletwe mpaka mwezi ujao.

Akurut alisifiwa mbele ya majirani. Usiku ule alikula chakula bila kujua kama kilikuwa na chumvi.

Wiki iliyofuata Okedi alianza kutapika kila anaponyonya. Tata alisema ni meno. Kisha kilio chake kikabadilika, kikawa chembamba na kikali, na kumbeba hakukumtuliza. Macho nayo yakawa yanaelekea chini muda wote, weupe ukitokeza juu ya mboni, utadhani kuna kitu miguuni pake anachokitafuta. Tata alisema amekuwa mtoto wa kufikiri sana. Wageni waliposema kichwa kimekuwa kikubwa alijibu kwa fahari kwamba hicho ni kichwa cha chifu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini katika nyumba ile hakuna aliyejiona anaficha maradhi. Tata aliamini anamlinda mtoto, Alupo aliamini daftari, na Akurut alikuwa akijipa moyo kwamba kesho mtoto atapungua kutapika.

Kilichomwamsha Akurut ni kofia.

Alirudi kutoka shuleni siku ya Jumanne akamkuta Tata ameketi kivulini anaifumua ile kofia nyekundu. Akurut akauliza imefanya nini. Tata akamjibu bila kuinua uso kwamba imembana mtoto tena. Hii ni mara ya pili ndani ya mwezi. Mara ya kwanza aliongeza mishono sita, leo ataongeza kumi, sufu yenyewe imekaribia kwisha.

Akurut alisimama pale na begi lake la shule. Mishono sita, halafu kumi. Daftari lake lilisema kichwa kimeongezeka sentimita moja na robo. Kofia ilisema vingine, na kofia haikuwa na mtu wa kumwogopa. Alimtazama Okedi kwenye mkeka: utosi wake, uliokuwa ukipigapiga taratibu chini ya ngozi, ulikuwa umetuna na kukaza.

Angeweza kukimbilia Malaba kumtafuta mama. Angeweza kuingia ghalani kuiba futi. Lakini mtu aliyekuwa mbele yake ni Tata, na Tata ndiye ambaye Akurut alikuwa amemwogopa wiki zote hizo. Akapiga magoti.

"Tata, sikupima," alisema. "Tangu siku ile ulipochukua futi sijapima hata mara moja. Namba zote ni zangu, nimezitunga. Sista amedanganyika, na mama amedanganyika. Kichwa kinakua vibaya, Tata, kofia imekiona."

Machozi yalimtoka, akaendelea kueleza juu ya yale maji, na njia iliyozibwa, na ubongo unaobanwa kando. Hayo Tata alikuwa hajawahi kuambiwa na mtu. Alikuwa shambani siku Sista alipoeleza, na hakuna aliyeona haja ya kumrudia mzee asiyejua namba.

Tata aliitoa kofia mapajani mwake. Akaiweka chini, akaingia ghalani. Akatoka na futi. Hakuwa ameitupa, alikuwa ameifunga ndani ya kitambaa chake cha kichwani akaichomeka chini ya paa. Akamfunga Okedi mgongoni, akaufunga mkanda mara mbili.

"Chukua hilo daftari," akasema. "Twende."

Walipofika penye foleni ya malori walimkuta Alupo anauza njugu, na Akurut akayarudia yale maneno yote mbele ya mama yake, mara ya pili yakiwa machungu kuliko ya kwanza. Alupo alilitua karai chini. Njugu zilimwagika, madereva wakaziinamia kumwokotea, lakini yeye alikuwa ameshaanza kukimbia kuelekea zahanati.

Kwa bahati Sista Selpha alikuwapo siku hiyo. Alipima kichwa mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Tata aligeuza uso ukutani, lakini hakumzuia. Sista akasema namba kwa sauti kavu: sentimita arubaini na sita. Akalifungua daftari penye nukta ya mwisho ya Akurut, arubaini na mbili na robo tatu, akaiweka futi juu yake. Hakumgombeza. Afadhali angemgombeza.

Mzee Mutwalibu, mfanyabiashara wa Busia aliyekuwa akipeleka magunia ya samaki wakavu upande wa bara, ndiye aliyewapa nafasi katika lori lake, Sista alipowaambia wakimbilie hospitali ya mkoa. Alisikia habari zile akashusha magunia manne yaliyojaza viti vya mbele, akayaweka kando ya barabara na kumwachia utingo wake ayalinde, ili wanawake wakae mbele na mtoto. Walifika hospitali ya mkoa usiku.

Asubuhi Okedi alipigwa picha ya eksirei. Daktari Callistus, yule aliyemtibu ile homa, aliichomeka picha kwenye kisanduku chenye taa, nao wote wakaona fuvu dogo jeupe gizani. Aliwaonyesha mahali mifupa ilipokutana, au tuseme mahali ilipopaswa kukutana. Nyufa zilikuwa zimeachana, kuta zimekonda.

Alupo akauliza ubongo wenyewe uko wapi katika picha ile. Daktari akasema haupo. Eksirei huona mfupa, ubongo haiuoni. Alikuwa amesoma kwamba nchi za ng'ambo zimeanza kutengeneza mashine inayopiga picha ya ubongo vipande vipande, kama mtu anayekata mkate, lakini mashine hiyo yeye hajawahi kuitia machoni. Akalichukua lile daftari.

"Mimi jicho langu la kuuona ubongo wa mtoto ni hili hapa," alimwambia Akurut. "Hizi nukta ndizo picha yangu. Mstari ukipanda ghafla, najua maji yamejaa, hata nikiwa mbali. Sista alipofungua daftari lako aliona ubongo mzima. Kumbe alikuwa anatazama picha uliyoichora wewe."

Akurut aliuliza swali moja tu: je, zile wiki zimemharibu? Daktari hakumpa jibu la kumpoza. Alisema watampeleka Nairobi, watamtia mpira mwembamba chini ya ngozi wa kuyashusha maji hadi tumboni, na Mungu akipenda ataishi. Lakini zile wiki tano zilichukua nini, hakuna picha ya kuonyesha hilo. Watajua atakapoanza kutembea na kusema.

Ikapel aliomba ruhusa kazini, akaenda Nairobi pamoja na Alupo kwa gari la moshi. Akurut na Tata walirudi Moding. Siku kumi na nane walikaa wawili tu katika boma lile. Jioni ya kwanza, baada ya kula, Akurut alisema Tata amchape ili yaishe. Tata akatikisa kichwa.

"Nikuchape halafu mimi nani atanichapa?" akasema. "Mimi niliificha futi, wewe ukauficha ukweli, tukamwacha mtoto katikati. Lakini sikiliza, mjukuu wangu. Ungemwambia mama yako jioni ile, ningekasirika. Ningenuna, labda ningekataa chakula. Hasira yangu ingekwisha siku mbili, tatu. Uwongo wako ulikaa wiki tano, na kila wiki ulikuwa unakula. Siku nyingine ukiniogopa, niogope huku umesema."

Okedi alirudi na kovu nyuma ya sikio, na chini ya ngozi mpira unaopapaswa kwa kidole. Alikuwa hatapiki tena, na macho yake yalikuwa yamepanda yakatazama watu usoni. Jicho la kulia, hata hivyo, lilibaki zito, halikufuata mwanga kama la kushoto. Kutembea alikuja kutembea akiwa na miaka miwili na miezi mitatu, wenzake wameshaanza kukimbia. Je, angekuwa hivyo hata kama daftari lingesema kweli? Hakuna ajuaye, na Akurut amelibeba swali hilo tangu hapo.

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi kwao, mama alimletea Akurut daftari jipya. Sista Selpha ndiye aliyelitoa. Akurut alikataa kulipokea. Alisema apewe mtu mwingine, yeye mkono wake si safi. Alupo akamwambia kwamba Sista alilijua hilo, naye alikuwa amejibu hivi: mtoto aliyeona uwongo wa namba unavyomla mtu hatathubutu tena, kwa hiyo huyu huyu ndiye ninayemtaka.

Basi akapiga magoti kwenye mkeka. Kichwa cha Okedi hakikutulia, kilimponyoka. Akasikia mtu anaketi kando yake. Alikuwa Tata. Alikishika kichwa cha mtoto kwa viganja vyake viwili, akaibana ncha ya futi juu ya nyusi kwa kidole gumba, akamwambia apime.

Mara ya kwanza arubaini na sita na nusu. Mara ya pili arubaini na sita kamili. Mara ya tatu arubaini na sita na nusu. Moyo wa Akurut ulitaka ile kamili, maana ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na mstari. Kisha akaandika arubaini na sita na nusu, akatia nukta upande wa juu wa mstari, mbali nao, mahali pake pa kweli. Tata akauliza ameandika nini. Akamwambia.

"Vyema," Tata akasema. Alimfuta Okedi udenda, akamrudishia kofia yake nyekundu, aliyokuwa ameifuma upya. "Nimekaa nikifikiria siku hizi zote. Maiti tunampima mara moja, tukamaliza. Hatumrudii. Huyu Sista anataka tumpime wiki hii, na wiki ijayo, na nyingine. Basi kipimo hiki si cha kaburi. Anayepimwa tena na tena ni yule aliye hai, ila tusimdanganye tu."

Akaikunja futi, akampa Akurut aitunze mwenyewe.